Sisimizi Waliujua Umri Wangu

Asubuhi ile siisahau, mwanangu, hata sasa ambapo natafuta miwani nyumba nzima huku nimeivaa. Ndiyo asubuhi niliyogombana na sisimizi.

Hawakuwa siafu, wale wa kuuma. Walikuwa sisimizi wadogo, weusi, wenye adabu zao, wamepanga mstari mmoja kutoka kwenye ukuta wa matofali, wakapita kando ya mbabula yangu, lile jiko la makaa, wakaingia ndani ya kibanda cha mabati tulichokuwa tukiogea. Hapo ndipo nilipokuwa nimejisaidia alfajiri. Choo kilikuwa mwisho wa lupango, yaani kiwanja chetu, na mimi sikuwa na nguvu za kufika huko kila mara. Na siku hizo kila mara ilikuwa kila mara kweli. Nikamwaga maji. Nikaenda kuchochea moto, nikarudi, mstari umenenepa. Nikamwaga majivu, wakayazunguka kama watu wanaozunguka dimbwi barabarani. Nikawatukana. Hawakujibu.

Basi nikaiita elimu yangu inisaidie. Mimi nilimaliza sekondari, unajua, na mtu aliyemaliza sekondari kisha akakaa nyumbani miaka mingi huwa na akili nyingi zisizo na kazi. Nikawaza: sisimizi hufuata sukari. Sukari katika nyumba hii hakuna. Kwa hiyo kuna mtu anaificha, anakuja kunywa chai yake peke yake ndani ya kibanda. Na mtu huyo si mwingine ila Baba Mwenya.

Nikaenda kumwamsha mume wangu nimshtaki. Alinitazama kama mtu aliyeamshwa na askari.

"Sukari?" akasema. "Iko wapi hiyo sukari, na miye nikunywe?"

Cheka, mwanangu, hata mimi nacheka. Ila nikuambie mapema usije ukanipotea njiani: wale sisimizi walikuwa wamekuja kunijulisha kwamba mimi na mtoto aliyekuwa tumboni mwangu tuko hatarini, na mimi nikawajibu kwa majivu.

Ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu kilianguka Lubumbashi, na kilipokwisha kuanguka kikaendelea kuanguka. Kampuni ya migodi iliyokuwa baba na mama yetu, iliyotupa unga, shule na hata jeneza, ilianza kutulipa ahadi. Maduka ya mjini yaliporwa mpaka milango ikabebwa. Sukari tuliisikia tu, kama jina la ndugu aliyehamia Ulaya. Baba Mwenya alikuwa akienda kazini kwa miguu kutoka mtaa wetu wa Ruashi, anakaa huko, anarudi mikono mitupu, kisha ananiuliza tunakula nini, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimeenda kazini.

Mimi ni mwanamke wa nyumbani, sikatai. Safari yangu ndefu ilikuwa kutoka jikoni mpaka mlango wa lupango, na hata hiyo niliifanya nikilalamikia miguu. Kwa hiyo nikatafuta biashara inayofanana na uvivu wangu: nikapika munkoyo, kile kinywaji chetu cha unga wa mahindi na mizizi, ambacho kikiwa bado kichanga ni kitamu hata bila kutiwa chochote. Niliuza nikiwa nimekaa pale mlangoni. Nilikuwa muuzaji, na nilikuwa mteja wangu mkubwa. Kiu iliyokuwa ikinibana haikuwa ya kawaida. Nilikunywa kikombe, nikatamani kingine. Nikinywa hicho nakimbilia kibandani. Nikitoka huko nina kiu tena. Majirani walisema ni joto. Nami nikasema ni joto, ingawa ulikuwa msimu wa baridi na watu wanaota moto.

Sasa nifike kwenye aibu yenyewe. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, na nilikuwa na mimba. Hilo peke yake si ajabu. Ajabu ni kwamba binti yangu wa kwanza, dada yako Mwenya, miaka kumi na tisa, naye alikuwa na mimba, tena katika nyumba hiyohiyo. Mume wake alikuwa ameshuka Kilwa, kule ziwani, kutafuta samaki wa kuuza, na barabara ya Kilwa unaijua, humeza mtu ikamtema inapotaka. Akamwacha mke wake kwetu.

Kwetu, mwanangu, walikuwa wakisema binti akianza kuzaa, mama atundike mbeleko yake. Tumbo la mama na tumbo la binti hayapandi kitanda kimoja. Mkwe wako atakuangaliaje? Utamshikaje mjukuu kwa mkono huu, na mkono huu mtoto wako? Wanawake kisimani wangepata wimbo wa mwaka mzima. Basi nikaficha. Nilifunga kikwembe juu ya kikwembe, nikafunga na cha tatu, nikawa natembea kama bahasha. Mtu akiuliza mbona nimenenepa katika njaa hii, nasema ni bukari, ugali wetu. Watu wakaniamini, kwa sababu bukari nilikuwa naila kweli, sahani ya mtu na mwenzake. Si ninakula kwa watu wawili?

Na huku najificha hivyo, kila mwezi nilimpeleka Mwenya maternite, kliniki ya wazazi. Mimi mwenyewe, mguu kwa mguu. Maana kila mtu alimwogopea Mwenya: ni mimba ya kwanza, ni mtoto bado, nyonga hazijui kazi. Mimi hakuna aliyeniogopea, hata mimi mwenyewe. Nilikuwa nimezaa watano. Mwanamke aliyezaa watano, tulikuwa tukisema, ni njia iliyokwisha kukanyagwa, haioti nyasi. Hivyo Mwenya anaingia anapimwa damu, anapimwa mkojo, anapimwa tumbo, na mimi nakaa nje kwenye benchi, nimemshikia viatu, nimembeba wa miezi sita ndani ya nguo tatu. Nilikuwa mlinzi anayelinda nyumba ya jirani huku ya kwake inawaka.

Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Mimi nilitaka kuzaa na kuficha.

Katika Ruashi tulikuwa na jirani, Mama Ngalula, mkunga wa miaka mingi. Alizaliwa hapahapa Lubumbashi, lakini baba yake alitoka Kasai kufuata kazi ya reli, na katika miaka ile hilo lilitosha. Watu walioshiba chumvi yake walianza kumwambia arudi kwao, yeye ambaye kwao alikuwa hajapaona. Maternite walimwambia asije tena kazini. Watoto aliowapokea kwa mikono yake walipita mbele ya mlango wake wakiimba matusi, na mama zao wakainamia mboga wajifanye hawasikii. Mimi sikuimba. Ila na mimi niliinamia mboga, na hilo nalo lina uzito wake.

Siku ileile ya sisimizi, jua lilipopanda, akaja kuniaga. Alikuwa amekwisha kufunga mizigo yake, anasubiri treni ambayo hakuna aliyejua itaondoka siku gani. Aliniletea sufuria yake kubwa, akisema haitaingia ndani ya behewa. Nikaanza kulia kidogo, kwa heshima. Yeye hakulia. Alikuwa anaangalia chini.

"Ni nani anakojolea hapa?" akauliza.

Nikasema ni Baba Mwenya. Mwanaume hasemezani na choo, nikasema, nimemwonya mara nyingi. Mama Ngalula akaufuata mstari wa sisimizi kwa macho mpaka kibandani, akarudi nao, akaangalia ndoo ya munkoyo, akaangalia kikombe mkononi mwangu, akaangalia uso wangu.

"Simama."

Nikasimama.

"Sina kitu, Mama Ngalula," nikamwambia. "Iko bukari tu."

"Bukari haichezake mu tumbo," akasema. "Ile yako minaona inapiga teke."

Mwenya alikuwa pembeni anachambua matembele. Majani yakamponyoka. Alinitazama, akatazama tumbo lake, akatazama langu, na uso wake ukashindwa kuchagua kati ya kulia na kucheka. "Mama," akasema polepole, "weye njo ulikuwa unanisindikiza?"

Mama Ngalula hakutupa nafasi ya mchezo huo. Akaniuliza nina miaka mingapi. Nikamjibu makumi tatu na kitu.

"Na ile kitu inaitwa nani?"

Nikakaza fundo la kikwembe. Yeye alimpokea Mwenya, mwanangu. Alikuwepo nilipolia kwa mimba ya kwanza. Kumdanganya umri ni sawa na kumdanganya fundi cherehani kiuno. Mwisho nikasema arobaini na mmoja, kwa sauti ya mtu anayeungama kanisani.

Hapo akakasirika, na hasira ya mkunga si kama hasira ya mtu mwingine. Haipandi sauti, inashuka. Alisema yeye ana nyumba anaiacha, ana makaburi ya wazazi anayaacha, hajui analala wapi kesho, na bado anakuja kukuta mwanamke mwenye diploma ya sekondari amejifunga kama kifurushi cha chumvi. Alisema mtoto wangu wa tano alitoka mkubwa kama wa miezi mitatu, bega likakwama, na sisi badala ya kuogopa tukafanya sikukuu, tukamwita mtoto wa Ulaya. Akasema ile ilikuwa barua, nasi hatukuifungua.

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia naacha ninachokifanya. Akarudi kwake, akafungua mzigo aliokuwa amekwisha kuufunga kwa kamba kwa ajili ya safari, akachambua ndani yake, akaja na kichupa cha maji ya buluu na mrija wa kioo. Akaniambia niende kibandani nilete mkojo ndani ya kikombe. Akaudondoshea katika yale maji, akaushika mrija kwa kibanio cha nguo juu ya mbabula yangu. Sote tukainama: yeye, Mwenya, Baba Mwenya aliyekuwa bado ana kinyongo cha sukari, na mimi.

Buluu ikawa kijani. Kijani ikawa njano. Halafu ikageuka rangi ya tofali, ile tofali nyekundu ya ukuta wetu walikotoka sisimizi. Ndiyo rangi ya mkojo uliojaa sukari.

"Unajua ile bleu inatoka mu nini?" Mama Ngalula akamuuliza mume wangu. "Mu shaba."

Baba Mwenya aliyechimba shaba maisha yake yote, na shaba ikakataa kumlisha, akatikisa kichwa. Shaba ile ilikuwa imekuja nyumbani kwake kwa kichupa, kumwambia kwamba mke wake anaumwa.

Nami nikafanya nini? Nikabisha. Ndiyo, mbele ya rangi. Nikasema haiwezekani, ugonjwa wa sukari ni wa wazee wenye vitambi, wale wenye nyumba kubwa kule Golf, wanaokula keki. Mimi sijaonja sukari tangu maduka yaporwe. Ugonjwa wa sukari utaingiaje katika nyumba isiyo na sukari? Ungelijua nilivyoona hoja hiyo ilivyo kali, mwanangu. Nilijipigia makofi moyoni.

Mama Ngalula akakaa juu ya sufuria yake aliyoniletea, kama mtu aliyechoka tangu miaka mingi iliyopita.

"Mama Mwenya, sikia," akasema. "Sukari ya mu damu haitoke mu duka. Inatoka mu bukari, inatoka mu hii munkoyo yako. Mwili njo inaisukuma, inaipeleka kwenye kazi. Sasa mimba inawekaka kizuizi kidogo, kwa banamuke bote, hata kwa huyu Mwenya. Lakini mwili ya miaka kumi na tisa inasukuma nguvu, inapita. Ya kwako imesukuma miaka mingi, haina tena ile nguvu. Haiko kosa. Iko miaka."

Haiko kosa, iko miaka. Mimi niliyekuwa nimeificha miaka hiyo chini ya vikwembe vitatu, nikaona kumbe ilikuwa inafanya kazi humo ndani bila kuniomba ruhusa. Mwanamke humdanganya mume umri wake, humdanganya mkwe, huudanganya hata mtaa mzima. Damu haijui adabu za mtaa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Akanieleza na yaliyobaki, na hayo aliyasema bila kunipamba. Kwamba sukari ya mama humfikia mtoto, mtoto ananenepa kupita mlango wake, bega linakwama tena, na safari hii huenda lisifunguke. Kwamba akitoka, sukari aliyoizoea inakatika ghafla, naye anaweza kuzimika kama taa iliyokatiwa mafuta, huku nyote mnamsifu alivyo mnono. Kwamba mkojo peke yake si hukumu. Lazima nikapimwe damu hospitali kubwa, leo, si wiki ijayo. Baba Mwenya akasema atanipeleka. Mama Ngalula akasema yeye ndiye atakayenipeleka, kwa sababu anayemjua daktari ni yeye, na mimi nikifika peke yangu nitasema nina makumi tatu na kitu.

Basi nikatoka. Mimi wa jikoni mpaka mlangoni. Na yeye akatoka, yeye ambaye siku zile hakutakiwa kuonekana barabarani. Hatukufika mbali. Kwenye njia panda palikuwa na vijana wenye fimbo, macho mekundu, wanauliza kila mpita njia jina lake na la baba yake. Walipomwona wakamjua. Mmoja wao, nilikuwa namjua mama yake, akamwambia arudi ndani akangojee treni yake, leo Mukasai hapiti.

Usidhani nina moyo wa simba, mwanangu. Mimi huogopa hata jogoo. Lakini nilimwangalia Mama Ngalula, nikaona anakunja mkoba wake ageuke, na nikajua akigeuka yeye, mimi sifiki. Nikafungua kikwembe cha juu. Nikafungua cha pili. Kile cha mwisho nikakifunga chini ya tumbo, tumbo likasimama mbele ya Ruashi yote, la mwanamke wa miaka arobaini na mmoja mwenye binti mwenye mimba.

"Huyu njo mwenye kunizalisha," nikawaambia. "Mukimuzuia, basi mukae karibu. Mutanizalisha beneyewe, hapahapa."

Wakatazamana. Kijana anayeweza kuchoma nyumba ya mtu, mwanangu, hukimbia uchungu wa uzazi. Wakafungua njia. Tumbo nililokuwa nimelificha kwa aibu ndilo likawa kibali cha rafiki yangu kupita, naye mkono wake kwenye kiwiko changu ndio ukawa kibali cha tumbo hilo kufika salama. Sijui hata leo nani alimsindikiza nani.

Damu ilisema maneno yaleyale ya kichupa. Daktari alikuwa kijana aliyechoka, analipwa ahadi kama mume wangu, lakini alisikiliza. Alisema mwanamke wa umri wangu hakutakiwa kungoja mpaka sisimizi waje. Alitakiwa kupimwa tangu mwanzo, kisha kupimwa tena mwezi wa sita. Alisema kuna sindano, ila kuipata katika nchi hii ni bahati, kwa hiyo tujaribu kwanza kwa sahani na kwa miguu. Munkoyo ikakatazwa. Bukari ikawa ngumi moja, na matembele rundo. Na nitembee kila siku. Mimi! Niliuliza kama hakuna sindano ya kuchukua nafasi ya kutembea.

Nikatembea. Niliizunguka Ruashi tumbo mbele, Mwenya kando yangu na lake, watu wakichungulia. Wimbo wa kisimani walitunga kweli, tena mzuri, nami mpaka leo naujua kiitikio chake. Mkwe wangu aliporudi kutoka Kilwa na samaki wachache waliokauka, alituona tunakuja wawili, akaangalia juu kwa heshima kana kwamba mawingu yana habari. Aibu niliyoiogopa miezi sita ilidumu kama mvua ya mchana. Kuificha kulikuwa karibu kunidumu milele.

Mama Ngalula alikuwa akija jioni kunichungulia, mpaka siku treni ilipopatikana. Nilimsindikiza hadi mlango wa lupango. Hakutaka nifike gare, kwenye stesheni, alisema kule watu wanakanyagana. Hakuniachia maneno ya machozi.

"Mutoto akitoka," akasema, "bamupime sukari na yeye, palepale. Na weye, kisha kuzaa, urudie kupimwa, na mwaka unaofwata tena. Ile ugonjwa inaendaka. Lakini inajua njia ya kurudia."

Akaenda na mzigo wake, na kile kichupa cha buluu ndani yake. Sikumwona tena. Mfanyabiashara mmoja aliniambia alifika Kasai salama. Mwingine akaniambia behewa lao lilikaa njiani mpaka wengine wakazikwa kando ya reli. Mimi nimechagua kumwamini yule wa kwanza, na usiku mwingine nashindwa.

Mwenya alizaa kama anayepiga chafya. Mimi nilizaa baada yake, hospitali kubwa, na bega likakwama tena, ila safari hii walikuwa wamejiandaa, wanajua wanachokingoja. Akatoka msichana mkubwa, mzuri, mwenye mashavu, na kabla sijamaliza kumsifu akaanza kutetemeka na kulegea. Hakuna aliyesema ni baridi. Walimpima, wakampa maziwa upesi na tone la maji matamu, wakakaa naye mpaka akalia kwa hasira. Kilio kile ndicho kitu kitamu kuliko vyote nilivyosikia katika miaka ile isiyo na sukari.

Siku ya kumpa jina, ukoo ukaja. Niliposema ataitwa Ngalula, kaka mkubwa wa mume wangu akaweka kikombe chini. Akauliza kama nina akili zangu, kumpa mtoto wa Katanga jina la watu tunaowafukuza. Jina hilo, akasema, hapa halipiti.

"Kama jina haipite," nikasema, "na mutoto hangepita."

Wote wakamgeukia Baba Mwenya. Yule mwanaume hasemi sana, unamjua. Akaangalia ukuta wa matofali, akaangalia mbabula.

"Imepita," akasema. Na tukala.

Sasa, mwanangu Ngalula, hasira yangu naileta kwako, kwa maana simu unanikatia. Wenzako wanaosoma haya wachukue kinachowafaa. Mimi ninayemtazama ni wewe. Unakaa Golf, una viatu vya kukimbilia na saa ya mkononi inayokuhesabia hatua, unakula majani bila mafuta, na umri wako umekwisha kupita thelathini, unakimbilia thelathini na tano. Una mimba. Kliniki wamekuchanganyia maji matamu unywe, wakutoe damu, na wewe umeonja, umesema yanakutia kichefuchefu, umechukua mkoba wako ukarudi nyumbani. Halafu unaniambia diabète ni ya wazee wenye vitambi. Hoja hiyo ni yangu, binti yangu. Niliisema mimi kabla hujazaliwa, mbele ya mrija uliokuwa umegeuka tofali, na ulikuwa wewe humo ndani unapiga teke.

Wewe ndiye uliyetetemeka. Mtoto aliyebebwa ndani ya sukari ya mama yake, wanasema madaktari, ana sababu zaidi ya wengine ya kujichunguza anapobeba wake. Na mimi mama yako, je? Niliporudi jikoni kwangu nilisahau neno la mwisho la Mama Ngalula, sikurudi kupimwa, na ugonjwa ule ukakumbuka njia. Vidonge unavyonilipia ndivyo hivyo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kimenichungulia mara mbili, sitaki kije kukuzoea na wewe.

Basi shika hili. Umri si kosa wala si aibu, lakini si pambo pia. Unafanya kazi ndani ya mwili, na kila mwaka unaoongezeka unaifanya sukari iwe nzito kusukumwa mwanamke anapobeba mimba. Msichana wa miaka ishirini anaweza kuipata, mwembamba anaweza kuipata, lakini aliyepita thelathini na tano asingoje dalili, na wewe unayekaribia usingoje pia, maana mara nyingi haina dalili yoyote, na si kila lupango lina sisimizi. Nyumba za Golf mnapiga dawa. Nani atakuambia? Uende mapema, useme miaka yako yote, useme mama yako aliugua, useme ulizaliwa mkubwa. Unywe maji yale matamu, ukitapika unywe tena siku nyingine. Wakikukuta nayo, usilie: ni sahani, ni miguu, na sindano ikibidi, na siku hizi zinapatikana. Na ukijifungua urudi kupimwa, usifanye kama mtu fulani.

Mungu akupe tumbo lisiloogopa kuonekana, na mkono wa mtu kwenye kiwiko chako utakapolipeleka. Mtoto wako atoke kwa mlango wake, alie kwa hasira, akuchoshe hadi uzeeni kama wewe unavyonichosha mimi. Mlangoni wakikuuliza umri, itika kwa jina lako zima na miaka yako yote, maana aliyekuachia jina hilo alifungua mzigo wake wa safari kwa ajili yako. Na sisimizi wa lupango lako, mwanangu, wafe njaa.